Geti la mtoto juu ya ngazi: la kubana au la kufunga kwa bolti? Nipo Dodoma

Ilazo Mpya (mleta mada)

Mbukwenyi wana Dodoma, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Nimehamia nyumba ya ghorofa moja huku Ilazo, ya kupanga. Vyumba vyote vya kulala viko juu. Ngazi ni ya zege, imewekwa marumaru zinazoteleza, na inaanzia hatua chache tu kutoka mlango wa chumba cha mtoto. Mwanangu ana miezi minane, anatambaa, na sasa ameanza kujiinua kwa kushika kiti. Ukiinama kuokota nepi ukainuka, keshafika koridoni.

Nataka geti la juu ya ngazi. Mjini nimeoneshwa aina moja tu, la kubana: unalisimamisha kati ya pande mbili, unakaza vile vikombe vya mpira mpaka lisitikisike, hakuna kutoboa ukuta. Muuzaji anasema ndilo wanalonunua wote. Mwenye nyumba naye hataki kusikia neno drili. Upande mmoja wa ngazi ni ukuta, upande wa pili ni nguzo ya bomba la stenlesi inayobeba reli. Upana ni sentimita 97.

Hili la kubana linatosha? Kama halitoshi, kuna anayetengeneza hapa hapa Dodoma?

Mgogo Halisi

Mbukwa. Wazee wetu walijenga tembe, paa tambarare, hakuna ngazi, mtoto akianguka anaangukia ngozi ya ng'ombe. Ghorofani mmepanda wenyewe. Nakaa hapa pembeni nisubiri wenye ngazi zao.

Zabibu Kavu

Mleta mada, la kubana usiliweke juu ya ngazi. Liweke mlango wa jiko, liweke chini ya ngazi ukipenda, ila juu hapana. Watengenezaji wenyewe wengi wanaandika hivyo kwenye karatasi ya maelekezo, na karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kutupwa boksi likifunguliwa.

Kwanza, linashikiliwa na msuguano peke yake. Mtoto wa mwaka mmoja akilishika akalitikisa kila siku, vikombe vinalegea taratibu bila wewe kuona, na ukuta uliopigwa rangi ya mafuta ndio kabisa. Likichomoka mlango wa jiko, mtoto anaanguka nalo sakafuni, analia, yameisha. Likichomoka juu ya ngazi, wanashuka wote wawili.

Pili, na hili watu hawalifikirii dukani: fremu yake ina bomba linalopita sakafuni. Hata mlango ukiwa wazi, bomba lipo, unalivuka. Sasa jione usiku, TANESCO wamechukua umeme wao, umebeba mtoto begani, kidole cha mguu kinagonga lile bomba na mbele yako hakuna sakafu. Hapo anayeanguka ni mtu mzima na mtoto mkononi.

Geti la juu linafungwa kwa bolti au skrubu kwenye ukuta na nguzo, na likifunguliwa chini panabaki wazi kabisa. Ukinunua la nje, tafuta kwenye boksi alama ya EN 1930, ndiyo ya Ulaya, au ASTM F1004 ya Marekani. Halafu soma kama limeruhusiwa juu ya ngazi, maana hata la kubana linaweza kuwa na alama hiyo hiyo.

Mama Wawili Nzuguni

Naongezea upande wa kufungukia. Geti lifungukie koridoni, lisifungukie kwenye ngazi. Likifungukia ngazini, kulivuta ulifunge inabidi uinamie kwenye shimo. Na siku komeo halijashika vizuri, mtoto akiliegemea linamchukua na kumtoa nje. Likifungukia ndani, akiliegemea linagonga kizuizi na kubaki pale pale.

Mageti mengi ya dukani yanafunguka pande zote mbili, na kuna kipande kidogo cha plastiki cha kuzuia upande mmoja. Usikiache kwenye boksi.

Nzagamba

Mnawadekeza watoto. Weka kreti mbili za soda pale juu, maisha yaendelee. Sisi tulikua bila mageti.

Mama Wawili Nzuguni

Nzagamba, ulikua kwenye nyumba ya ghorofa?

Nzagamba

Hapana.

Mama Wawili Nzuguni

Haya. Na kreti mtoto anapanda. Kreti ni ngazi nyingine umemwekea juu ya ngazi.

Fundi Kizota

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha. Haya mageti madogo nimeanza kuletewa kazi zake tangu watumishi wa serikali walipohamia kwa wingi na vighorofa vikaanza kuota. Nitaeleza vile navyofanya, mtu achukue hata akipeleka kwa fundi mwingine.

Tatizo la kwanza ni sisi mafundi. Ukimwambia fundi "nitengenezee geti dogo", kichwani mwake anaona geti la barabarani limefinywa. Atakuwekea maua ya nondo, atakuwekea mikuki juu, na katikati atapitisha flati (chuma bapa) ya kulala ili lipendeze. Yote hayo kwa mtoto ni hatari. Maua yana mianya ya kunasa kichwa au mkono, mkuki ni mkuki, na flati ya kulala ni kidaraja cha kukanyagia apande. Mwambie fundi mapema: nondo za kusimama tu, juu bapa, kati hakuna kitu.

Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 6. Kuna kipimo cha kijiweni: chukua kopo la soda, lile nene la kawaida, lina upana wa sentimita 6 na nusu hivi. Likipita kati ya nondo, rudisha kazi. Kutoka sakafuni mpaka bomba la chini isizidi 5, asije akapenyeza mwili akabaki amenasa shingo. Na usisahau nafasi ya upande wa bawaba na upande wa komeo, hapo ndipo wengi wanaacha uwazi mkubwa kisa "geti lisigonge".

Urefu: kipimo cha Ulaya hakishuki chini ya sentimita 65, mimi napiga 80 mpaka 85. Lisiwe refu kupita hapo bila sababu, maana linakuwa zito na linavuta bawaba. Fremu natumia skwea paipu (bomba la mraba) ya inchi moja, za kati nusu inchi, geji nyepesi. Hili si la kuzuia mwizi.

Komeo ndilo lenye akili. Komeo la kusukuma lile la chooni, mtoto wa mwaka na nusu analijua. Natengeneza la kuinua kwanza ndipo uvute, mambo mawili kwa wakati mmoja, na mkono mmoja wa mtu mzima unaweza. Naliweka upande wa ngazini, nyuma ya fremu, mtu mzima anapitisha mkono juu. Na bawaba naziinamisha kidogo sana, bawaba ya juu na ya chini zisiwe kwenye mstari mmoja, geti ukiliachia linajirudi lenyewe kufunga. Ukitaka springi pia zipo, ila springi kali inapiga vidole.

Kingo zote zipigwe grenda na msasa. Rangi soma kopo, itafutwe isiyo na madini ya risasi, kwa sababu mtoto anayeota meno atalitafuna hilo geti kabla hujamaliza kulipia.

Ilazo Mpya

Fundi Kizota ubarikiwe sana. Bei inakuwaje?

Fundi Kizota

Bei usiulize jukwaani mkuu, chuma kinapanda na kushuka. Nenda na vipimo kwa mafundi watatu uone. Atakayekupa bei bila kuuliza linafungwa kwenye ukuta wa aina gani, mwache.

Mpwapwa Kwetu

Hapo kwa aina ya ukuta mnisikilize, ni kazi yangu.

Nyumba nyingi mpya hapa ni tofali za saruji, juu yake plasta. Plasta ni unene wa sentimita moja na nusu, mbili, na haishiki kitu. Skrubu ya inchi moja inaishia kwenye plasta. Siku ya kwanza imesimama, mwezi wa tatu inazunguka kwenye tundu lake. Toboa upite plasta uingie kwenye tofali kwa kina cha kutosha, piga fisha (kile kiplastiki kinachoshika skrubu tunduni) ya milimita 10 na skrubu ndefu inayolingana nayo. Kama pembe ya ukuta ni nguzo ya zege, bahati yako, hapo bolti ya kutanuka inakaa vizuri. Kama ni tofali zenye tundu katikati, fisha ya kawaida inaingia hewani, dai ile inayojikunja nyuma. Na usitoboe kwenye ukingo kabisa wa kona, tofali litamegeka, rudi ndani.

Kwa sababu hiyo huwa sifungi bawaba moja kwa moja ukutani. Nasimamisha ubao wa mbao ngumu, mninga au mkongo, urefu wa geti lote, naushika ukutani kwa bolti nne, halafu bawaba zinafungwa kwenye ubao. Uzito unagawanyika. Pia ubao unamaliza tatizo la ile marumaru ya chini ya ukuta inayotokeza nje, inayofanya upana wa chini uwe mdogo kuliko wa juu. Unauchonga chini ukae juu ya ile marumaru, basi.

Mleta mada, umepima wapi hizo 97? Pima chini, katikati na juu. Kuta zetu hazinyooki.

Ilazo Mpya

Nilipima katikati tu. Nimepima sasa hivi: chini 95, katikati 97, juu 97 na nusu.

Mpwapwa Kwetu

Si unaona. Fundi angekuletea geti la 97 lingegoma chini.

Upande wa nguzo ya stenlesi usitoboe. Tafuta yu-bolti, zile wanazoshikia eksozi za magari, mafundi wa eksozi wanazo za kila ukubwa. Weka kipande cha mpira wa tairi la ndani kati ya chuma na bomba, kaza, ubao mwingine ukae pale. Ukihama unafungua, nguzo haina hata mkwaruzo. Kwa mwenye nyumba unabaki na matundu manne upande wa ukuta. Mwambie utaziba na kupaka rangi ukitoka, muandikishiane. Mwenye nyumba anayeogopa drili mara nyingi anaogopa nyufa, kwa hiyo mwoneshe ubao na mahali matundu yatakapokaa, usimtajie neno "geti la chuma" kwenye simu.

Sista Zamu ya Usiku

Nasoma kimya ila hapa nitie neno. Mimi ni muuguzi.

Wenzetu Marekani wamehesabu. Utafiti uliotoka 2014 kwenye jarida la Academic Pediatrics uliangalia miaka ya 1990 mpaka 2010: kwa wastani watoto karibu 1,800 wa chini ya miaka 7 kila mwaka walipelekwa dharura kwa majeraha yaliyohusu haya mageti yenyewe. Wengi walikuwa chini ya miaka miwili. Hao wadogo waliumia zaidi kwa kuanguka ngazi baada ya geti kuanguka au kuachwa wazi. Wakubwa waliumia zaidi kwa kujigonga kwenye geti lenyewe. Kwa hiyo anayosema Zabibu Kavu kuhusu kuchomoka si nadharia.

Pia geti lina muda wake. Mtoto akifika miaka miwili hivi, au akianza kulifungua, au akianza kurusha mguu juu yake, litoe. Anayepanda geti la sentimita 80 anaanguka kutoka urefu wa ngazi pamoja na sentimita 80 zake.

Na kile kigari cha kujifunzia kutembea chenye magurudumu, kama kipo nyumba yenye ngazi, kitoeni. Mtoto ndani ya kigari anakwenda kasi kuliko mkono wako. Canada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004, na ngazi ni sababu kubwa.

Akianguka, msianze kumchua kwa mafuta. Kama yuko chini ya mwaka mmoja na ameanguka ngazi, mpeleke aonwe hata kama anacheka. Mkubwa zaidi mwangalieni: kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida au kuamka kwa shida, degedege, damu au maji kutoka puani au masikioni, bonge laini kichwani. Lolote kati ya hayo ni hospitali, usiku huo huo, msisubiri kupambazuke.

Kondoa Irangi

Asante sista. Wazo langu: si ungeweka tu kufuli? Geti la fundi, kufuli dogo, ufunguo shingoni kwa dada wa kazi. Hakuna wa kufungua.

Zabibu Kavu

Kufuli hapana. Moto ukizuka usiku mko juu wote na ufunguo uko shingoni kwa mtu aliyelala chini. Hata bila moto, kufuli linachosha. Kila anayepita atachoka kufungua, ataanza kuruka juu ya geti, na mtu mzima anayeruka geti juu ya ngazi amebeba beseni la nguo ndiye ajali inayofuata.

Bibi wa Nkuhungu

Watoto wangu, hamjambo. Mimi nimeletwa na mjukuu kukaa nyumba ya namna hiyo. Mnaongea habari za mtoto tu. Mimi navaa kitenge mpaka chini, goti moja halipandi vizuri. Geti la wanangu lilikuwa na kile chuma cha sakafuni, nikawaambia hapa mtanizika mimi kabla. Wakalitoa wakaweka la kufunguka chini wazi. Na komeo lisiwe gumu mpaka bibi aite watu. Siku ya kulifunga, mwiteni kila mtu wa nyumba alifungue mara kadhaa mbele yenu, bibi na dada wa kazi kwanza.

Ilazo Mpya

Shikamoo bibi. Hili la kitenge sikuwa nimelifikiria kabisa, na mama mkwe anakuja Desemba.

Bibi wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Basi mwite aje alijaribu na yeye.

Mtumishi wa Mtumba

Kuna aina nyingine hamjaitaja, ya wavu wa kujikunja. Linavutwa kutoka kwenye roli upande mmoja na kushikizwa upande wa pili. Nililiagiza Kariakoo, ndugu yangu akapanda nalo treni ya SGR. Linafungwa kwa skrubu, chini hakuna kitu, na likikunjwa halionekani. Kwa ngazi pana linafaa.

Ila niseme ukweli wa Dodoma: vumbi. Upepo wa Agosti unaingiza vumbi kwenye roli, wavu unaanza kurudi kwa kusuasua, inabidi kupangusa kila mara. Na halijifungi lenyewe. Anayesahau atasahau. Kama nyumba yenu ina watu wengi wanaopanda na kushuka, la fundi linalojirudi ni bora.

Nzagamba

Mitumba je? Kwenye makontena ya Uingereza naonaga vigeti vya mbao.

Mpwapwa Kwetu

Umeanza kuelewa mkuu. Mitumba sawa, lakini kagua komeo, tikisa, na hakikisha vishikizo vyote vya ukutani vipo. Mara nyingi geti linakuja peke yake na vishikizo vimebaki Birmingham. Lile la mbao linalokunjika na kutanuka, lenye mianya ya umbo la almasi na pembe kali juu, liache hapo hapo. Vichwa vya watoto vilinasa, na Marekani waliacha kuyatengeneza ya namna hiyo 1985.

Mama Wawili Nzuguni

Mleta mada, kabla hujalipia geti angalia reli za pembeni. Hizi za stenlesi zinazopita kwa kulala, fasheni ya sasa, ni za kupanda. Na pale kati ya reli na reli pakizidi sentimita 10 mwili wa mtoto unapita. Utaziba mlango na dirisha liko wazi. Sisi tulifunga shiti za plastiki ngumu inayoonyesha, kwa vibano, upande wa koridoni, kimo cha kiuno.

Ilazo Mpya

Nimeenda kupima. Ni 14. Kesho naanza na hizo shiti.

Taarifa: mwenye nyumba amekubali matundu manne kwa maandishi, na akauliza kama fundi anaweza kumtengenezea na yeye la kwake kwa ajili ya wajukuu. Fundi Kizota angalia ujumbe wako.

Kondoa Irangi

Na mimi niulize kabla uzi haujapoa. Ngazi yangu ina upana wa mita 1 na sentimita 60. Kila fundi anasema atanipigia mlango mmoja.

Fundi Kizota

Mlango mmoja wa 160 utalegea bawaba na ncha itaburuza sakafu. Piga kipande cha sentimita 75 kisichofunguka, kishikwe ukutani na kiwe na mguu mmoja uliofungwa sakafuni pembeni kabisa, nje ya njia ya kupita. Baki ifanywe mlango, ufungukie koridoni. Ule mguu mwambie fundi asitoboe katikati ya marumaru, itapasuka. Afuate mstari wa maungio. Nguzo yako ni ya duara au ya mraba?

Kondoa Irangi

Mraba, mbao.

Fundi Kizota

Basi yu-bolti achana nazo. Tumia bolti za kupita mpaka upande wa pili na washa pana (vile vibapa vya duara vya kukalia nati), na kichwa cha bolti kikae upande wa mtoto, nati upande wa ngazi.